Maswali na Majibu: Dawa za Siku ya Ruhusa Baada ya Mshtuko wa Moyo

Tangu tuandike kuhusu dalili za mshtuko wa moyo, barua nyingi zimeuliza kinachofuata: mgonjwa akiokoka, anatoka hospitali na dawa gani, na nani anahakikisha kwamba kapewa zinazostahili? Wanaojibu ni daktari wa moyo na mfamasia wa hospitali, wote wawili wazoefu wa kukagua mafaili ya wagonjwa. Usibadili dozi yoyote kwa sababu ya majibu haya bila kumwona anayekutibu.

SWALI: Baba mkwe alitibiwa hapa Columbus, Ohio. Kwenye takwimu za zamani za hospitali ile niliona "aspirini wakati wa kuruhusiwa: asilimia 98". Asilimia hiyo inahesabiwaje, na mimi inanihakikishia nini? (Msomaji, Columbus)

Uliyoiona ni alama ya kiashiria cha ubora kilichoitwa AMI-2 (AMI ni kifupi cha Kiingereza cha mshtuko wa moyo). Kilikuwa na ndugu zake watatu wa siku ya ruhusa: AMI-5 kwa dawa za kundi la beta-bloka (hupunguza kasi ya mapigo ya moyo), AMI-10 kwa statini (hupunguza lehemu), na AMI-3 kwa dawa za kundi la ACE au ARB (hushusha presha na kuupunguzia moyo mzigo), hii ya mwisho kwa wale tu ambao moyo wao umedhoofika. Chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, Joint Commission, kilianza kuzidai hospitali takwimu za namna hii mwaka 2002. Statini iliongezwa baadaye. Kuanzia 2005 serikali ya huko ilizichapisha kwenye tovuti ya Hospital Compare ili mwananchi alinganishe hospitali moja na nyingine.

Hesabu yake ni ya sehemu. Namba ya juu ni wagonjwa walioandikiwa aspirini siku ya kutoka. Namba ya chini ni wagonjwa waliostahili kuandikiwa, na kazi yote iko hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hospitali imehudumia wagonjwa 60 ambao ugonjwa mkuu kwenye faili ni mshtuko wa moyo. Sita wamefariki, watano wamehamishiwa hospitali nyingine, mmoja kaondoka kwa hiari yake kinyume na ushauri, na wawili wako kwenye huduma ya faraja tu kwa kuwa maisha yanafikia mwisho. Hao 14 wanatolewa, wanabaki 46. Kati ya hao, watatu wana sababu iliyoandikwa na daktari: mmoja anatoka damu tumboni, mwingine ana mzio wa aspirini, wa tatu anatumia dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda na daktari kaamua aspirini isiongezwe. Nao wanatolewa. Namba ya chini sasa ni 43. Walioandikiwa aspirini ni 40. Arobaini kwa 43 ni asilimia 93.

Sasa tuseme wale watatu hawakuandikiwa sababu yoyote. Daktari anaijua, muuguzi anaijua, lakini faili liko kimya. Wanarudi kwenye namba ya chini, na hospitali ileile, yenye matibabu yaleyale, inapata 40 kwa 46, yaani asilimia 87. Ndiyo maana wakaguzi hawachoki kusema: kama dawa haitolewi, sababu iandikwe.

Kwa hiyo asilimia 98 inakuhakikishia kwamba karibu kila aliyestahili aliandikiwa. Haisemi kama alifika dukani, kama aliimeza, wala kama aliendelea nayo mwezi wa sita. Pia kila dawa ilihesabiwa peke yake. Hospitali yenye asilimia 95 kwa kila moja ya dawa nne inaweza kuwa na wagonjwa 20 kati ya 100 waliokosa angalau dawa moja, ikiwa waliokosa hii si wale waliokosa ile. Anayetaka picha ya kweli aulize ni wagonjwa wangapi walipata zote walizostahili.

Angalia pia idadi. Hospitali ndogo yenye wagonjwa 8 ikimkosa mmoja inashuka hadi asilimia 87.5. Hiyo si dalili ya uzembe.

SWALI: Mimi ni mganga katika hospitali ya mkoa, Tanzania. Hatuna mtambo wa kuweka stenti (kibomba cha waya kinachoshikilia mshipa wa moyo usizibe), lakini wagonjwa wa mshtuko wa moyo tunao. Tunataka kujikagua kama wenzetu. Tuanzie wapi, na wengi hukosea wapi? (Mganga, Nyanda za Juu Kusini)

Wazo zuri, na halihitaji kompyuta ya maana. Inatosha karatasi yenye safu kumi na watu wawili wenye nidhamu.

Kwanza, wapateni wagonjwa. Hapa ndipo ukaguzi mwingi unapoharibika kabla haujaanza. Ukitegemea rejista ya wodi peke yake utakuta "maumivu ya kifua", "presha", "moyo kushindwa kufanya kazi", na mshtuko wa moyo wenyewe haumo. Pitieni na daftari la maabara: kila troponini (kipimo cha damu kinachopanda misuli ya moyo ikiumia) iliyopanda katika miezi mitatu, mfuateni mwenye nayo hadi kwenye faili. Pitieni na karatasi za ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Kama mnatumia namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, tafuteni I21 na I22. Troponini hupanda pia kwa mgonjwa wa figo, mwenye maambukizi makali ya damu au bonge la damu kwenye mapafu, kwa hiyo daktari asome kila faili na kuamua kama huo ni mshtuko wa moyo kweli, kabla hajaangalia dawa. Akiangalia dawa kwanza, macho yake yatavutwa na jibu analolitaka.

Pili, watoeni wasiostahili, kwa orodha mliyokubaliana mapema na kuiandika: waliofariki, waliopewa rufaa kwenda hospitali ya kanda au taifa, walioondoka wenyewe, walio kwenye huduma ya faraja. Orodha isibadilike katikati ya kazi hata mkigundua kwamba matokeo ni mabaya. Wale wa rufaa msiwasahau kabisa lakini, maana kwenu watakuwa wengi. Wawekeeni kipimo chao: je, aspirini ya kwanza walipewa kabla ya gari kuondoka, na barua ya rufaa imetaja saa na dozi?

Tatu, jazeni safu. Tungependekeza hizi: umri, jinsi, aina ya mshtuko, EF, aspirini, dawa ya pili ya kuzuia chembe sahani (chembe za damu zinazoanzisha kuganda) zisishikane, statini na dozi yake, ACE au ARB, beta-bloka, na safu pana ya sababu kwa kila iliyokosekana.

Hiyo EF ni asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto inaisukuma nje kwa kila pigo, na hupatikana kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Chini ya asilimia 40, au eko ikisomwa kuwa utendaji umepungua kwa wastani au sana, mgonjwa anaingia kwenye namba ya chini ya kiashiria cha ACE au ARB. Bila eko hujui kama anaingia. Hospitali inayokosa kupima EF inajikuta na alama safi kwenye kiashiria hicho kwa sababu hakuna anayehesabiwa! Ndiyo maana vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani, ACC na AHA, vinahesabu upimaji wa EF kuwa kiashiria chake chenyewe, na nanyi hesabuni hivyo. Mgonjwa aliyeandikiwa "eko ikafanyike nje" bila jibu kurudi hajapimwa.

Makosa tunayoyakuta mara kwa mara ni haya.

Kuchukua kadeksi ya wodini (karatasi ya dawa anazopewa mgonjwa akiwa amelazwa) kama ushahidi. Aspirini aliyokunywa jana wodini siyo aspirini aliyoandikiwa kwenda nayo nyumbani. Tazameni karatasi ya ruhusa na karatasi ya dawa ya siku hiyo tu, na kama moja inasema hivi na nyingine vile, hilo ni kosa la kuripotiwa.

Maneno "aendelee na dawa zake". Dawa zipi? Kama hazikutajwa kwa jina na dozi, msimhesabu kuwa ameandikiwa. Wengine wataona tunakaza kupita kiasi, lakini mgonjwa akifika nyumbani na sentensi hiyo ataendelea na zile za presha alizokuwa nazo kabla hajaugua, na hizo hazina aspirini wala statini ndani yake.

Kubahatisha sababu. Mkaguzi anaona presha 88/50 siku ya mwisho, anaandika mwenyewe "beta-bloka haikutolewa kwa ajili ya presha kushuka". Haruhusiwi. Sababu ni ya aliyetibu, na lazima aiunganishe yeye na dawa. Hapa wekeni muhuri au kisanduku kwenye fomu ya ruhusa: "Aspirini: ndiyo / hapana, kwa sababu ____". Sekunde kumi za kalamu zinamaliza ubishi wa saa nzima.

Sababu nusu. Mgonjwa anakohoa kikohozi kikavu kwa enalapril, daktari anaandika "ACE imesimamishwa, kikohozi", basi. Kikohozi kinazuia ACE, hakizuii ARB kama losartan. Faili hilo linahitaji ARB, au sababu ya pili. Lakini kama sababu ni potasiamu kupanda, presha kushuka mno, figo kuzidi kuharibika au uso na ulimi kuvimba, viashiria vya Marekani viliikubali kwa makundi yote mawili.

Mwisho, watu wawili wapitie mafaili kumi yaleyale bila kutazamana, kisha walinganishe. Wakitofautiana kwenye mawili au matatu, tatizo ni maelezo yenu, yarekebisheni ndipo muendelee. Na mkiwa na wagonjwa tisa, semeni "saba kati ya tisa". Asilimia kwa idadi ndogo hivyo inadanganya kikao.

SWALI: Nimesikia Wamarekani wenyewe wameviacha viashiria hivi. Kama vilikuwa na maana, mbona wameviacha? (Mwanafunzi wa uuguzi, Eldoret)

Vingi viliachwa kwa sababu vilifanya kazi yake hadi vikajaa. Mpango wa majaribio uliofanywa na serikali yao miaka ya 1990 katika majimbo manne, Alabama, Connecticut, Iowa na Wisconsin, ulikuta beta-bloka zikiandikwa kwa asilimia 47 tu ya wagonjwa waliostahili siku ya kutoka. Baada ya hospitali kuonyeshwa takwimu zao ikafika 68. Kisha ikaja sheria ya 2003: hospitali isiyotoa taarifa ilipunguziwa nyongeza ya malipo ya bima ya wazee, Medicare, kwa asilimia 0.4, na baadaye adhabu ikapandishwa hadi asilimia 2. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu hospitali zote zilikuwa juu ya 95. Kipimo ambacho hospitali bora na ya kawaida zote zinapata alama ileile hakisaidii tena kuzitenganisha, na kukikusanya ni gharama.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha viashiria hivi na vifo vya siku 30, hospitali kwa hospitali. Vilieleza asilimia 6 tu ya tofauti za vifo kati ya hospitali. Hiyo haina maana kwamba aspirini haisaidii. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, wenye wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha aspirini ya miligramu 160 kwa siku kwa mwezi mmoja ikipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano. Maana yake ni kwamba hospitali zilipokaribiana katika kuandika dawa, vifo vilitofautishwa na mengine: kasi ya kufungua mshipa, uangalizi wa wodini, hali ya mgonjwa alipofika. Ndipo macho yakahamia kwenye vifo vya siku 30 na wagonjwa wanaorudi kulazwa.

Na kipo kilichoachwa kwa sababu kilikuwa kinasukuma watu pabaya. AMI-6 kilidai beta-bloka ndani ya saa 24 za kufika. Mwaka 2005 utafiti wa COMMIT kutoka China, wenye wagonjwa 45,852, ukaonyesha kwamba metoprolol, mojawapo ya beta-bloka, ya sindano ikifuatiwa na vidonge ilipunguza mishtuko mipya kwa watu 5 katika kila 1,000, lakini ikaongeza wanaoingia kwenye hali ya moyo kushindwa kusukuma damu na presha kuanguka kwa watu 11 katika kila 1,000, hasa siku ya kwanza. Daktari aliyekuwa anakimbizana na alama alikuwa na kishawishi cha kumpa hata mgonjwa mwenye mapigo ya kasi na presha inayoshuka, ambaye ndiye hasa hakupaswa kupewa. Kiashiria kikaondolewa mwaka 2009. Kile cha beta-bloka siku ya ruhusa, mgonjwa akiwa ametulia, kiliendelea.

Usichukue hili kuwa ruhusa ya kutopima. Nchi au hospitali ambayo bado iko kwenye asilimia 40 au 50 haijafika mahali Marekani ilipokuwa ilipoviacha.

SWALI: Nilipata mshtuko mdogo, nikawekewa stenti moja. Nina aspirini, ticagrelor, atorvastatin na ramipril. Jirani yangu ana bisoprolol, mimi sina. Nimesahaulika? (Msomaji, Dar es Salaam)

Inawezekana umesahaulika, na inawezekana daktari ameamua. Karatasi yako ya ruhusa ndiyo inayopaswa kusema, kwa hiyo anza kwa kuuliza EF yako ni ngapi.

Kama ni chini ya 40, beta-bloka kama hiyo bisoprolol ina faida iliyothibitika na unapaswa kuwa nayo isipokuwa kuna kizuizi: pumu kali, mapigo ya polepole sana, au hitilafu ya umeme wa moyo ya daraja la pili au la tatu bila betri ya moyo. Rudi mapema.

Kama ni 50 au zaidi, elimu imebadilika. Tafiti zilizozijengea dawa hizi jina ni za zama za kabla ya stenti na statini. Mwaka 2024 utafiti wa REDUCE-AMI, wa wagonjwa 5,020 katika Sweden, Estonia na New Zealand, wote wenye EF ya 50 au zaidi, haukuona tofauti ya vifo wala ya mishtuko mipya kati ya waliopewa na wasiopewa. Tafiti nyingine zilizofuata hazikukubaliana zote, na madaktari bado wanajadiliana. Kwa maoni yetu, daktari anayemwacha mgonjwa wa aina yako bila beta-bloka na kuandika kwa nini, amefanya kazi yake sawasawa. Anayekuacha bila neno lolote hajafanya, hata kama matokeo ni yaleyale.

Jirani yako naye asiache bisoprolol kwa kusoma jibu hili. Kuikata ghafla kunaweza kurudisha maumivu ya kifua na mapigo ya kasi.

SWALI: Shikamooni. Mama katolewa hospitali Mombasa na stenti mbili na dawa sita. Duka la kwanza lilikuwa na tatu, bei ya zote hatuiwezi kila mwezi. Tuanze na zipi? (Binti, Likoni)

Marahaba. Zote sita zina kazi yake, lakini hatari ya kukosa dawa siku mbili si sawa kwa zote, na hilo familia nyingi haziambiwi.

Isiyongoja hata siku moja ni ile pacha ya kulinda stenti: aspirini ya miligramu 75 hadi 100 mara moja kwa siku, pamoja na dawa ya pili, ama clopidogrel miligramu 75 mara moja, au ticagrelor miligramu 90 mara mbili, au prasugrel. Stenti mpya ni chuma kisichofunikwa bado na utando wa mshipa. Chembe sahani zikishikana juu yake, mshipa unaziba wote kwa dakika chache, na mshtuko wa namna hiyo huua wengi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta mgonjwa 1 kati ya 6 wa stenti alichelewa kuchukua clopidogrel yake baada ya kutoka hospitali, na waliochelewa walipata mishtuko na vifo zaidi. Kawaida pacha hii huenda miezi 12, halafu aspirini hubaki peke yake. Daktari anaweza kufupisha kwa anayetoka damu kirahisi, lakini yeye, si duka.

Kama dawa ya pili ni ticagrelor na bei ndiyo kikwazo, rudini leo kwa daktari mumwombe waziwazi clopidogrel isiyo ya jina la kampuni, ambayo hupatikana kwa bei ya chini zaidi. Msibadilishe wenyewe, maana kuna dozi ya kuanzia ambayo ni kubwa kuliko ya kila siku, na muda wa kuinywa hutegemea lini stenti iliwekwa. Msifanye ujanja wa kumpa ticagrelor mara moja kwa siku ili idumu. Nguvu yake inaisha ndani ya siku, na usiku mzima stenti inabaki bila kinga. Ikimletea pumzi fupi, ambalo ni jambo linalojulikana kwa dawa hiyo, apigiwe daktari huku akiendelea kuinywa.

Inayofuata ni statini yenye nguvu, atorvastatin miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatin 20 hadi 40. Tumeona karatasi zenye atorvastatin 10 kwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo. Kwenye ukaguzi wa zamani hiyo ilipata tiki. Tangu 2017 viashiria vya ACC na AHA vinadai dozi ya nguvu ya juu, na ni haki. Lehemu ipimwe tena baada ya wiki nne hadi nane.

ACE au ARB na beta-bloka huanza kwa dozi ndogo na kupandishwa, kwa mfano ramipril kutoka 2.5 kuelekea 10 kwa siku. Kinachokwama mara nyingi ni huko kupandisha: mwaka mzima mgonjwa yuko kwenye dozi ya siku ya kutoka kwa kuwa hakuna aliyeandika nani apandishe na lini. Mwulizeni daktari. Potasiamu na figo zipimwe wiki moja hadi mbili baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha.

Vidonge vya aspirini vya miligramu 300 ni vya kutafuna siku ya dharura. Siyo vya kila siku, na kwa anayetumia ticagrelor aspirini haitakiwi kuzidi 100.

Kuhusu bei, msijilaumu kana kwamba ni familia yenu tu. Marekani walijaribu mwaka 2011 kuwapa wagonjwa wa mshtuko dawa zao bure kabisa, katika utafiti wa watu 5,855. Waliokuwa wanachangia gharama walikuwa wakizitumia kwa kiwango cha asilimia 36 hadi 49, kutegemea dawa. Waliopewa bure waliongezeka kwa pointi nne hadi sita tu. Bei ni mzigo, lakini hata ikiondoka, dawa sita bila maelezo huachwa. Mwandikieni mama kila boksi, kwa maneno yenu, dawa hii ni ya nini. Na vikibaki vidonge vya siku saba, mtu atumwe dukani, asingoje vya mwisho.

SWALI: Natumia clopidogrel na aspirini. Tumbo likiuma hununua omeprazole, mgongo ukiuma diclofenac. Kuna ubaya? (Msomaji, Bujumbura)

Upo, kwa zote mbili. Omeprazole na esomeprazole hupunguza uwezo wa ini kuigeuza clopidogrel iwe na nguvu. Omba pantoprazole badala yake. Usikae tu bila kinga ya tumbo kama umewahi kuwa na vidonda.

Diclofenac na ibuprofen zinaongeza hatari ya mshtuko mwingine, ya kutoka damu tumboni, na ya figo kuumia ukiwa na dawa ya ACE. Ibuprofen pia huiziba aspirini isifike mahali pake. Kwa mgongo tumia parasetamoli. Ukifika duka la dawa, sema kabla hujaomba chochote: "Nina ugonjwa wa moyo, natumia aspirini na clopidogrel." Sindano ya diclofenac ya kituo cha afya ni dawa ileile.

SWALI: Balungi na statini? (Msomaji, Muskati)

Balungi huzuia kimeng'enya kinachovunja atorvastatin na simvastatin, dawa ikalundikana kwenye damu na misuli ikauma. Kipande cha siku moja moja hakina shida kubwa, juisi ya kila siku iache. Rosuvastatin haina tatizo hilo.

SWALI: Mjomba hajui Kiingereza. Hospitali ya Minneapolis ilimpa kurasa kumi na mbili za maelekezo, akatia sahihi, akaja nazo nyumbani. Hajui hata moja. Tungefanyaje? (Msomaji, Minnesota)

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inawajibika kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Tamko la kuomba ni fupi: "Kiswahili, mkalimani, tafadhali," na ndugu aliyepo asitumike badala ya mkalimani, hasa akiwa mtoto. Kama ametoka tayari, piga simu wodi ile au duka la dawa uombe wamrudie maelezo wakiwa na mkalimani. Fanya hivyo leo, usingoje miadi ya wiki mbili.

Wakati wa maelezo, mjomba asiulizwe "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Arudishe yeye kwa maneno yake, boksi likiwa mkononi: hii inaitwaje, naimeza saa ngapi, ni ya nini, nitaitumia hadi lini, nikiisahau nifanye nini, na nani tu ndiye anayeweza kuniambia niache. Akikwama kwenye moja, muuguzi aeleze tena hiyo, kisha arudishe tena. Swali la mwisho lipewe uzito, kwa sababu daktari wa meno akitaka kung'oa jino atamwambia aache clopidogrel siku tano, na mjomba awe tayari kumjibu: "Ongea kwanza na daktari wangu wa moyo," huku namba ya simu ikiwa imeandikwa nyuma ya karatasi ya dawa.

Akikuta pia vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi, vikae kwenye chupa yake ya asili, visihamishiwe kwenye boksi la dawa za wiki. Akiwa na maumivu ya kifua akae chini, aweke kidonge kimoja, na kama baada ya dakika tano hayajapungua, wapigeni 911. Asiitumie kabisa kama amemeza dawa za nguvu za kiume: sildenafil ndani ya saa 24 au tadalafil ndani ya saa 48. Wanaume wengi huona haya kulisema mbele ya mpwa, kwa hiyo mwacheni na mfamasia peke yake dakika mbili.